Usitume pesa ya mahindi pekee

Pole dada. Kumtumia mama yako aliye Kitui pesa ya mbegu kila msimu kutoka kwa mshahara wa Nairobi, halafu mahindi yakauke yakianza tu kutoa mbelewele, inauma.

Huko Ukambani mvua ya kutegemea ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Ya Machi huwadanganya wengi. Pesa nyingi iende vuli. Apande ndengu, kunde na mtama, mahindi yabaki kipande kidogo, tena ya muda mfupi kama Katumani. (Atakwambia ugali wa mtama haushibishi. Usibishane naye.) Ndengu hukomaa upesi na wanunuzi wapo. Mtama una shida ya ndege, lazima mtu awafukuze asubuhi na jioni.

Mashimo ya zai (ya kupandia, hukusanya maji ya mvua), futi mbili kwa mbili, yachimbwe Septemba na yatiwe samadi. Lipa kijana, mama asichimbe.

Hatari ni sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu: mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wa Makueni na Kitui. Yakiota ukungu, asiyale wala asiwape kuku. Na kabla hujatuma pesa, amwulize afisa wa kilimo wa wadi kuhusu mbegu.