Je, Alama za Vidole Hukosewa?

SWALI: Naambiwa ushahidi wa alama za vidole haukosei kamwe. Ni kweli?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Ni kweli alama hizo husaidia: mwaka 1892 nchini Argentina, alama ya kidole yenye damu mlangoni ilimfichua Francisca Rojas, aliyewaua wanawe wawili kisha akamsingizia mwanamume mwingine. Lakini mwaka 2004, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilimkamata wakili wa jimbo la Oregon kwa milipuko ya treni za Madrid, Hispania, kumbe alama ya kidole waliyoitegemea ilikuwa ya mtu mwingine kabisa! Kipimo cha DNA, yaani vinasaba, nakiheshimu zaidi: Uingereza, mwaka 1986, kilimwokoa kijana aliyekwisha kukiri mauaji asiyoyafanya. Siku hizi kompyuta huchambua alama upesi mno, ila kwangu mimi lazima mtaalamu wa pili azikague bila kuambiwa mwenzake ameonaje.