Nyuma nunua umri, mbele nunua mshiko

Masika yanabisha hodi na simu yangu imejaa maswali ya matairi ya pikipiki. Nimechagua machache, mengi yalifanana.

Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda wa Kimara. Tairi langu la nyuma halimalizi miezi minne. Kijiweni wananiambia nifunge lile gumu "lisiloisha", ila mwenzetu aliyelifunga kateleza juzi kwenye mvua. Nichukue lipi?

Marahaba. Tairi gumu linadumu kweli, na linateleza kweli, na sababu ni hiyo hiyo moja. Chuchumaa uitazame lami kwa karibu: imejaa vichomo vya kokoto. Mpira laini unazama katikati ya vichomo hivyo na kung'ang'ania, na kwa kung'ang'ania huko unaliwa. Mpira mgumu unapita juu juu. Lami ikiwa kavu hutaona tofauti kubwa. Ikilowa, hasa zile dakika za kwanza mvua inapochanganyika na vumbi na oili iliyodondoka barabarani, utaiona mara moja na huenda ukaiona ukiwa chini. Kwa hiyo mshiko wa lami na mshiko wa mfukoni vinagombana, na hakuna duka litakalokuuzia vyote kwa ukamilifu.

Yapo matairi ya mpira wa aina mbili: mgumu katikati, unapokanyagia ukienda moja kwa moja, na laini mabegani, unapolalia kwenye kona. Ila hayo ni zaidi ya pikipiki kubwa za safari. Kwa saizi zetu, 2.75-17 na 3.00-17, mimi huyaona kwa nadra sana.

Ushauri wangu ni kutofunga aina moja mbele na nyuma. Nyuma weka gumu la wastani, kwa sababu hilo ndilo linalosukumwa na injini na kubeba abiria. Mbele weka laini, lenye mistari ya kupitisha maji. Tairi la mbele halivutwi na injini, huisha polepole, kwa hiyo ulaini wake haukuli pesa sana. Halafu fikiria: la nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kulirudisha. La mbele likiteleza umeshaanguka kabla hujajua.

Lakini miezi minne inanitia shaka. Mwaka jana kijana alinijia analalamika kauziwa tairi feki. Nikalizungusha taratibu, nikakuta bapa upande mmoja, kama limepigwa randa. Alikuwa anaogopa breki ya mbele, anakanyaga ya nyuma peke yake mpaka gurudumu linaganda na tairi linaburuzwa. Ukifunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, ndiyo maana breki ya mbele, ile ya mkono, ndiyo inayosimamisha pikipiki zaidi. Tumia zote mbili pamoja, kwa ulaini. Kwanza kagua mguu wako wa kulia, ndipo ulaumu tairi.

Fundi wa pancha kwetu ananijazia upepo wa psi 40 nyuma, anasema hivyo tairi haliishi wala halipati pancha. Ni kweli?

Si kweli. Tairi likijazwa kupita kiasi linavimba katikati, linagusa barabara kwa utepe mwembamba, na utepe huo ndio unaoisha haraka. Kwa hiyo unapoteza mshiko na umri kwa mpigo. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka kama 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Kibandiko cha pikipiki yako au kitabu chake ndicho kiwe na neno la mwisho. Pima asubuhi tairi likiwa baridi.

Upepo mdogo nao ni balaa. Ubavu wa tairi unajikunja, unapata joto, na tyubu inajivuta ndani ya ringi mpaka valvu inang'oka. Na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja? Soma ubavuni mwa tairi, baada ya saizi. Namba 50, kwa mfano, maana yake ni mzigo usiozidi kilo 190 kwa tairi hilo likiwa na upepo wake kamili. Piga hesabu mwenyewe.

Naishi Lushoto, nusu ya njia yangu ni lami na nusu udongo wa mlimani. Nifunge yale ya meno makubwa?

Kama tope ndilo linalokulaza njiani, funga, ila nyuma tu. Meno marefu hujikunja kwenye lami, hasa kwenye kona zenu zile, na yanaisha upesi kwa sababu sehemu inayogusa ni ndogo. Meno mafupi yaliyokaribiana yatakutosha karibu mwaka mzima. Wiki mbili za tope baya, shuka usukume. Sisi wote tumesukuma.

Mimi ni mama mwenye pikipiki mbili za mkataba. Nimeletewa matairi ya bei poa, yanang'aa. Nitajuaje kama ni ya zamani?

Mama, kung'aa si upya. Tafuta ubavuni tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukikuta 1422, limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2022. Kisha likunje kidogo kwa mikono: ukiona nyufa kama za udongo mkavu, rudisha. Mpira unazeeka na kukauka hata ukiwa dukani, na duka lenyewe likianika bidhaa juani ndiyo kabisa. Mimi lililopita miaka mitatu silinunui.

Vipi matairi ya kuchonga?

Hapana. Mistari ile imechimbwa kwenye mpira uliokwisha, karibu na nyuzi. Tairi likifika hapo ni la katambuga.

Nimefunga tairi jipya asubuhi, saa saba mchana niko chini. Nimeuziwa feki?

Pole sana. Huenda ni zima kabisa. Tairi jipya huweza kutoka kiwandani na utelezi wa kwenye kalibu lilimopikwa, na uso wake bado haujakwaruzwa na barabara. Kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu, usilale kwenye kona, usifunge breki ghafla. Na yule kijana anayekupakia mafuta ya kung'arisha tairi, mwambie aishie kwenye tangi.

Mimi fundi nalijua hilo, na bado kovu la kiwiko ninalo. Nililipata hatua chache kutoka mlangoni mwa gereji yangu, wateja wakitazama, tairi likiwa bado na vinywele vyake.