Sindano moja kabla ya mrija wa figo, au vidonge vya wiki nzima?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya saratani. Tuna mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Uvimbe umebana njia za mkojo pande zote mbili, figo zimejaa na kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) imepanda. Anawekewa mirija ya mgongoni ya kutoa mkojo figoni. Kwa kinga ya maambukizi, daktari mmoja ameandika sindano ya antibiotiki, seftriaksoni, mara moja tu, mwingine vidonge vya siprofloksasini siku saba. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Kama hana homa wala dalili za maambukizi, mimi nampa seftriaksoni gramu 1 kwenye mshipa, ndani ya saa moja kabla ya kuchomwa. Inatosha. Hatari iko palepale sindano inapoingia: mkojo uliotuama juu ya kizuizi una presha, na bakteria waliomo husukumwa kwenye damu. Dawa iwakute njiani.

Mkojo wa kwanza kutoka figoni msiumwage, upelekeni maabara ukaoteshwe kuona bakteria waliomo. Wa kibofuni unaweza kuwa safi huku juu kumejaa usaha.

Siku saba hazimsaidii. Mrija ukikaa, bakteria hujijengea utando juu yake ambao vidonge haviung'oi. Mtabaki mnafuga bakteria sugu. Baada ya wiki kadhaa mkiotesha, mtapata wadudu karibu kila mara. Hana homa, hana maumivu ya ubavu? Msitibu karatasi ya maabara. Siku ya kubadilisha mrija, kwa kawaida kila miezi 3 hivi, dozi moja inafaa hasa kama chembe nyeupe zimeshuka kwa sababu ya kemo au aliwahi kupata maambukizi, na ichaguliwe kwa majibu ya kuotesha yaliyopita.

Jentamaisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, iepukeni mkiweza. Figo hizo tunaziokoa ili apate sisplatini, dawa ya kemo, pamoja na mionzi, na sisplatini yenyewe huumiza figo.

Akipanda joto hadi 38 na kutetemeka, hiyo si kinga tena, ni tiba: otesheni damu, anzeni dawa mara moja, na mrija uwekwe haraka, usisubiri ratiba. Figo iliyoziba haiponi kwa dawa peke yake.

Tena ulizeni mzio, na andikeni saa ya sindano kwenye faili. Nimeshakuta kichupa cha seftriaksoni kimefungwa na plasta kwenye jalada, mgonjwa yuko mezani: wodi walijua atachomwa chumba cha eksirei, eksirei walijua kachomwa wodini.