Lini ujiite msanii: jibu la mchoraji wa mtindo wa Tingatinga

Mkuu, umeuliza kama kijana anayechora tembo na twiga wa kuwauzia watalii, ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha sanaa, ana haki ya kujiita msanii au abaki kujiita fundi. Nimeendesha maisha kwa brashi hiyo hiyo miaka mingi hapa Dar, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia.

Cheti tukiweke pembeni mapema. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila kusomea. Alitumia rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kimakosa, akafariki. Ndani ya miaka ile michache alikuwa ameshaanzisha mtindo mzima ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kujisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ni jambo jema na nakushauri ukajisajili, maana kibali kinasaidia kwenye biashara na maonyesho. Ila hakuna kibali kitakachokuonyesha cha kuchora.

Na kunakili usikuonee haya, ingawa baadhi ya wachangiaji hapa jukwaani wamekusema vibaya kwa hilo. Wanafunzi wa kwanza wa Tingatinga, wengi wao ndugu zake, walijifunza kwa kukaa karibu naye na kufuata mkono wake. Mimi kwa fundi wangu nilianza na rangi ya nyuma: bluu iliyokolea juu, ikififia kushuka hadi nyeupe, pasionekane mahali zilipokutana. Baadaye nikapewa madoa ya chui. Brashi nyembamba ya kuzungushia mistari nilikabidhiwa mwisho kabisa. Huko ndiko mkono unakomaa, ukajua rangi ikiwa nzito inakunjamana na ikiwa nyepesi inachuruzika, na kwamba ukiharakisha kabla ya rangi ya chini kukauka, umeharibu zote mbili.

Kilichonivusha kutoka kwenye kunakili ni wauza mkaa. Nilitaka kumchora mmoja na baiskeli yake, nikakaa mbele ya ubao na picha isije. Tembo ningeweza kumchora nimefumba macho kwa sababu kuna mtu alishamtazama kwa niaba yangu. Muuza mkaa hakuna aliyemtazama. Ikabidi nidamkie barabara ya Pugu nikasimame pale wanapopandisha mlima. Nikaona kwamba mtu mwenye magunia hashiki usukani kwa mikono yote miwili: mmoja uko mbele, mwingine uko nyuma kwenye mzigo, bega limeegemea gunia, na baiskeli yenyewe imelala kumwelekea. Mizani yote iko kwenye kiuno chake. Niliporudi, madoa yale yale ya chui niliyoyazoea nikayageuza kuwa vumbi la mkaa shingoni na mgongoni. Hilo sikufundishwa na mtu.

Akatokea mnunuzi, akaipenda, lakini akataka niongeze twiga pembeni ndipo alipe. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia. Nikakataa, kwa kuwa jicho lingemkimbilia twiga na uzito wa gunia ungepotea, na uzito ule ndio picha yenyewe. Akaondoka. Siku hiyo ndipo nilipoanza kujiita msanii bila kusitasita, maana nilijua kila kilichomo mle kimewekwa kwa nini, na kilichoachwa kimeachwa kwa nini, na nilikuwa tayari kukisimamia kwa hasara yangu.

Tembo wa oda bado nawachora, tena kwa uangalifu, na wamesomesha watoto wangu. Kuuza hakumvui mtu usanii, na kutouza hakumpi. Nawaheshimu sana mafundi wanaonakili vizuri na kusema wazi kwamba wamenakili; wanaonikera ni wale wa kuandika jina la marehemu Tingatinga kwenye picha bandia ili zipate bei.

Umegusia kwamba unayo picha ya akina mama wa soko la samaki Feri uliyoificha kwa sababu haifanani na za wenzako. Itoe. Kabla ya kuandika jina lako, rudi Feri alfajiri ukatazame tena namna wanavyoinama kwenye beseni na wanavyoshika kisu, kisha rekebisha palipo pa kubahatisha. Ukimaliza iweke hapa, nitakuambia ninachokiona kwenye mikono yao.