Tiketi Mbili, Safari Moja: Majibu kwa Wanaounganisha Meli za Kitalii

Maswali ya awamu hii karibu yote yanahusu jambo moja: kupanda meli ya kitalii, na inapomaliza mzunguko wake, kubaki nayo kwa mzunguko unaofuata. Wengi wanaouliza ni wastaafu ambao watoto wao wa ughaibuni wamewapa zawadi ya matembezi. Nimeyapa nafasi yale yanayoweza kumwokolea mtu fedha, kwa sababu huku kwetu watu wanakata tiketi kwa simu bila kumwona wakala ana kwa ana, na tiketi hizi mara nyingi hazirudishiwi hela.

Mimi na mke wangu ni wastaafu, na viza zetu za Marekani na Canada bado ziko hai. Binti yetu aliyeko Seattle alitukatia meli ya Los Angeles hadi Vancouver. Tukataka kuendelea na meli ileile kutoka Vancouver hadi Seward, Alaska. Kampuni ikakataa tiketi ya pili ingawa vyumba vipo. Tumekosea nini? – Mstaafu, Area C, Dodoma

Shikamoo mzee. Hamjakosea chochote. Mmekutana na sheria ya Marekani ya mwaka 1886, ambayo bado inafanya kazi.

Sheria hiyo inakataza meli yenye bendera ya nchi nyingine kumchukua abiria bandari moja ya Marekani na kumshusha bandari nyingine ya Marekani. Ilitungwa kuwalinda wenye meli wa huko. Sasa, meli za kitalii karibu zote zinazotangazwa zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, hata kama makao makuu ya kampuni yako Miami. Kwa hiyo zinabanwa.

Tatizo lenu ni kwamba sheria haiangalii mna tiketi ngapi. Inaangalia mlipanda wapi meli hiyo na mkashuka wapi kwa mara ya mwisho. Los Angeles hadi Vancouver peke yake ni halali, maana mnashukia Canada. Vancouver hadi Seward peke yake nayo ni halali, maana mnapandia Canada. Mkiziunga ndani ya meli moja, mmetoka Los Angeles mkaenda Seward, Marekani hadi Marekani. Kulala usiku mmoja melini pale Vancouver hakubadilishi kitu.

Upo mlango mmoja: safari ya namna hiyo inaruhusiwa kama meli imepitia bandari ya kigeni iliyo mbali. Canada, Mexico, Amerika ya Kati, Bermuda, Bahamas na visiwa vya Karibi havihesabiwi kuwa mbali, isipokuwa Aruba, Bonaire na Curaçao. Bandari za Amerika ya Kusini zinahesabiwa, na ndiyo sababu meli zinazotoka Florida kwenda California kupitia mfereji wa Panama hupenda kutia nanga Cartagena, Colombia. Njia yenu ya Alaska haina bandari ya aina hiyo.

Mnaoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani mna nafuu: inatosha meli iguse bandari yoyote ya kigeni, hata ya jirani. Meli zinazotoka Seattle kwenda Alaska na kurudi husimama Victoria, Canada, mara nyingi jioni na kwa saa chache tu, kutimiza sharti hilo. Wakati wa korona Canada ilipofunga bandari zake, ilibidi bunge la Marekani lipitishe sheria ya muda, Mei 2021, ndipo meli ziweze kwenda Alaska bila kupita Canada.

Kwa hiyo mzee, mna njia mbili nzuri. Ya kwanza, shukeni Vancouver na mpande meli nyingine kwenda Seward. Meli ikibadilika, kila safari inahesabiwa peke yake. Ya pili, acheni Los Angeles, mchukue Vancouver hadi Seward na kurudi Vancouver kwa meli hiyohiyo, kwa kuwa mtaanza na kumalizia Canada. Mimi ningechagua hii ya pili. Mtaiona pwani ya Alaska mara mbili na hamtahamisha mizigo.

Kampuni nazo husahau kukagua, hasa tiketi mbili zikikatwa siku tofauti kwa mawakala tofauti. Msifurahie mkipita kwa namna hiyo. Wakigundua baadaye wataifuta safari moja. Faini ya mamia ya dola kwa kila abiria hutozwa kampuni, lakini masharti ya tiketi huiruhusu kumdai abiria.

Kwa msomaji ambaye bado hana viza ya Marekani: masharti kwa Watanzania yalikazwa mwishoni mwa mwaka 2025. Usilipie tiketi yoyote kabla ubalozi haujakupa jibu.

Siku meli inapogeuza, kati ya safari ya kwanza na ya pili, naweza kubaki chumbani nikapumzika? – Mama Neema, Mpwapwa

Ukiwa bandari ya Marekani, hapana. Maofisa wa huko hutaka abiria wote wa safari iliyokwisha washuke na kukaguliwa kabla abiria wapya hawajapanda. Ninyi mnaoendelea hukusanywa sehemu moja, hupewa kadi ya abiria wa kupita, mnashuka pamoja na pasipoti zenu, mnakaguliwa, kisha mnarudishwa mapema. Mtu mmoja akichelewa, wengine wote wanasubiri. Bandari nyingi za Ulaya ni laini zaidi na unaweza kubaki ndani.

Kama umepewa chumba kingine, funga mabegi usiku wa kuamkia siku hiyo. Nguo zilizotundikwa huhamishwa na wahudumu. Bili ya safari ya kwanza hufungwa na ya pili huanza upya, kwa hiyo hakikisha kadi yako ya benki ina salio la kutosha mara mbili.

Nina viza ya Schengen ya siku 30, kuingia mara moja. Safari ya kwanza ni Barcelona, Marseille, Genoa, Napoli na kurudi Barcelona. Ya pili ni meli ileile lakini inapitia Tunis. Nitapata shida? – Mfanyabiashara, Singida

Utapata. Safari ya kwanza haina neno, kwa sababu Hispania, Ufaransa na Italia zote zimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Lakini meli ikiondoka kwenda Tunisia, umetoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi yake. Kurudi Barcelona ni kuingia mara ya pili. Kampuni ikiiona viza hiyo itakukatalia kupanda kwa safari ya pili, au hata tangu mwanzo.

Omba viza ya kuingia mara nyingi, na kwenye maombi ambatisha ratiba za safari zote mbili ili ofisa aone kwa nini unaihitaji. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia kwanza. Kwa ratiba yako hiyo ni Hispania, hasa ukilala hotelini Barcelona kabla ya kupanda.

Chunguza ramani kwa makini. Malta imo ndani. Croatia iliingia tarehe 1 Januari 2023. Cyprus ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Uturuki, Montenegro, Albania na Uingereza ziko nje. Mtu anayepandia Southampton kwenda Norway na kurudi anahitaji viza mbili, ya Uingereza na ya Schengen.

Halafu hesabu siku tangu unapotua uwanja wa ndege hadi unapoondoka, siku ya kuingia na ya kutoka zote zikiwemo. Usianze kuhesabu siku ya kupanda meli. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha, na kompyuta ndiyo inayohesabu. Bima nayo, ambayo ni lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000, iandikwe hadi siku ya mwisho ya safari ya pili. Nimeona bima nyingi zilizokatwa kwa safari ya kwanza tu, na daktari wa melini anataka fedha taslimu au kadi ya benki. Kadi ya NHIF haifanyi kazi kule.

Kama sitashuka kwenye nchi ambayo sina viza yake, nikabaki melini? – Kijana, Kikuyu, Dodoma

Usitegemee hilo. Kampuni nyingi humtaka abiria awe na viza ya kila nchi kwenye ratiba, ashuke asishuke, kwa sababu meli ikiharibika au wewe ukiugua lazima ushushwe mahali. Pata jibu lao kwa maandishi.

Nina mimba ya wiki 21. Safari ya kwanza ni wiki moja na ya pili wiki tatu. – Msomaji, Kondoa

Hongera dada. Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito atakayefikisha wiki ya 24 wakati wowote akiwa safarini. Ukiunganisha, wanahesabu hadi siku ya kushuka safari ya pili, na wewe utakuwa umepita hapo. Chukua ya kwanza peke yake kama daktari wako ameridhia kwa barua, au ahirisha zote.

Mimi ni mwalimu na watoto wawili. Tunataka kuunganisha safari mbili za Durban kwenda visiwa vya Msumbiji. Baba yao hasafiri nasi. – Mwalimu, Manyoni

Mwalimu, kwa Mtanzania hii ndiyo rahisi kuliko zote. Afrika Kusini na Msumbiji hatuhitaji viza kwa matembezi mafupi. Msimu wa meli pale Durban ni majira yao ya joto, kuanzia karibu Novemba. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinavyoonyesha majina ya wazazi wote wawili, pamoja na barua ya ridhaa ya baba yao iliyothibitishwa na wakili. Pasipoti zote ziwe na miezi sita ya ziada kuanzia siku ya kumaliza safari ya pili, na kurasa tupu za kutosha, kwa kuwa mtatoka na kuingia mara mbili. Beba pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote, ila kwa anayechanjwa mara ya kwanza kinaanza kutambulika baada ya siku kumi.

Zoezi la usalama tulishafanya safari ya kwanza. Kwa nini watuite tena? – Mzee wa Bahi

Nendeni, mzee wangu, nendeni kwa moyo mweupe. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32, mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu kusubiri hadi saa 24. Tangu Januari 2015 zoezi hufanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mkihamishiwa chumba kingine, hata kituo chenu cha kukusanyikia huenda kimebadilika. Nchi iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander mwaka 2011 na wa MV Nyerere mwaka 2018 haina sababu ya kuona zoezi hilo ni usumbufu.

Meli inaondoka Barcelona Jumamosi jioni. Nikitoka Dodoma kwa SGR Ijumaa asubuhi na kuruka usiku nitawahi? – Msomaji, Ipagala

Kwa ratiba, ndiyo. Ndege moja ikichelewa, hapana, na meli haisubiri. Mapokezi hufungwa mapema kabla haijang'oa nanga. Ondoka Jumatano au Alhamisi. Ikitokea ukaachwa, piga simu kwa kampuni saa hiyohiyo na uwaombe wasifute tiketi ya pili, kisha waulize kama unaweza kuipandia meli bandari inayofuata.