Simu Iliyopoteza Mtandao Baada ya Kubadilishwa Kioo

Mwaka jana nilibadilisha kioo cha simu yangu kwa fundi mmoja hapa mjini Dodoma, na kuanzia wiki hiyo mama yangu, aliyeko Mpwapwa, akawa analalamika kwamba kila akipiga anaambiwa sipatikani, ilhali simu ninayo mkononi na inawaka. Nililaumu mtandao, kisha nikalaumu bati la nyumba yetu ya Nkuhungu, maana ni kweli bati huzuia mawimbi, lakini hata nilipotoka uani hali ilibaki ileile.

Kosa langu lilikuwa kuiamini mistari ya mtandao inayoonekana juu ya kioo, kwa kuwa kila mtengenezaji wa simu huipanga apendavyo. Kwa simu nyingi za Android, kipimo cha kuaminika kimo kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, katika hali ya laini, ambako utakuta namba hasi inayofuatwa na herufi dBm. Kadiri namba hiyo inavyoikaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu, na kila inaposhuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja tu ya kumi. Laini yangu ikiwa kwenye simu yangu, chini ya mwarobaini wa uani, kwa 4G, nilisoma -115. Nilipoihamishia kwenye simu ya mdogo wangu, palepale na kwa 4G hiyohiyo, nikasoma -94. Laini haikuwa na hatia, na mnara vilevile.

Jaribio hilo lifanye kabla hujatoa hata shilingi. Laini ikisumbua katika simu zote mbili, hata ukihamia mahali pengine, kaibadilishe. Isiposumbua, vua kava, hasa lenye chuma au sumaku, kisha weka upya mipangilio ya mtandao, ukikumbuka kwamba hatua hiyo hufuta pia nywila za Wi-Fi ulizohifadhi.

Kwangu hayo hayakufua dafu, nikaenda kwa fundi mwingine. Katika simu nyingi antena kuu hukaa chini, karibu na tundu la chaji, na huunganishwa na ubao mkuu kwa waya mwembamba wenye kichwa cha mviringo kinachobanwa kama kishikizo cha nguo. Kichwa hicho kilikuwa kimelala upande, hakijaingia, na vumbi limeanza kujaa pembeni yake. Alikisafisha kwa brashi na spiriti, akakibonyeza kwa kijiti cha plastiki mpaka kikalia tik. Nilipoirudisha simu chini ya mwarobaini, ilisoma -96.

Tangu hapo, simu yangu haifunguliwi kabla sijaandika namba yake ya dBm, na siondoki dukani kabla sijaisoma tena. Na fundi anayekimbilia kuwasha blowa, ile mashine ya hewa moto ya kuchomelea, akisema ubao umeungua, kabla hata hajautazama waya huo, mimi humwomba anirudishie simu yangu.