Upanga wangu unasukumwa kando kila nikikinga: nakosea wapi?

Swali: Salaam mwalimu. Huu ni mwezi wa 3 tangu nianze kujifunza upanga mrefu wa mikono miwili, ule wa Ulaya ya zama za kati. Mwenzangu akinipiga kutoka juu nawahi kukinga, lakini upanga wangu unasukumwa kando na pigo linanifikia kichwani. Wenzangu wananiambia "tumia sehemu yenye nguvu" na "rudi kwenye mkao wako". Sehemu ipi? Mkao upi?

Jibu: Salaam ndugu yangu. Usidhani mikono yako ni dhaifu. Fanya jaribio hili kabla ya zoezi lijalo: nyoosha upanga mbele yako, mwambie mwenzako aweke kidole kimoja karibu na ncha na ausukume kando. Utakwenda, hata ukaze misuli vipi. Sasa asogeze kidole hadi karibu na mpini, asukume tena. Safari hii kidole hakitoshi, atahitaji mkono mzima. Upanga ni nyenzo, na mikono yako ndiyo egemeo lake. Nusu ya ubapa iliyo upande wa mikono ndiyo yenye nguvu, nayo ndiyo ya kukingia. Nusu ya kuelekea nchani ni dhaifu kwa kusukumana, lakini ndiyo yenye kasi, kwa hiyo ni ya kukata na kuchoma. Nina hakika wewe unakinga kwa nusu hii ya pili, kwa sababu unaukimbilia upanga wa mwenzako ungali mbali.

Sehemu nyingine zinaeleweka ukizipapasa kwa mkono. Ubapa hauishii kwenye mpini: unaendelea ndani yake kama msuka, na mwisho wa msuka ndipo kinapofungwa kirungu cha chuma. Kirungu hicho kinashikilia mpini usichomoke, na uzito wake unavuta mizani ya upanga irudi karibu na mikono. Ndiyo maana panga hizi, ambazo nyingi huwa kati ya kilo 1 na kilo 2, hugeuka upesi kuliko watu wanavyodhani. Ule mfuo uliochimbwa katikati ya ubapa unapunguza uzito bila kuulegeza ubapa. Hauna kazi ya kupitishia damu, ingawa maelezo hayo husikika sana. Makali ni mawili: marefu, yanayofuata vifundo vya vidole vyako na kumtazama adui, na mafupi, yanayokutazama wewe. Kati ya ubapa na mpini kuna chuma kilichokingama, kikingio. Kikumbuke, tutakirudia.

Sasa mikao. Johannes Liechtenauer, bingwa wa Kijerumani wa karne ya 14, alifundisha kwa mashairi, na ndani yake akataja mikao minne tu. Nakusihi usikimbilie zaidi ya hiyo kwa sasa. Katika Mkao wa Juu, upanga uko begani au juu ya kichwa, tayari kushuka. Katika Mjinga, mikono imenyooka chini na ncha inatazama ardhi. Unaonekana uko wazi, na hilo ndilo jina lake linalotaka adui aamini.

Miwili iliyobaki ndiyo dawa yako. Katika Plau, mpini uko kando ya nyonga na ncha inapanda kumlenga mwenzako usoni, kama mkulima aliyeshika plau. Katika Maksai, mpini umepanda kando ya kichwa, na ncha bado iko usoni pake, kama pembe. Kila mmoja una kulia na kushoto.

Wanaotumia mkono wa kulia, wengi hupiga kutoka bega la kulia, kwa hiyo pigo linakujia upande wako wa kushoto. Simama katika Plau ya kushoto, mguu wa kulia mbele. Pigo likishuka, usiunyooshe upanga kulifuata. Inua mpini tu, uingie Maksai ya kushoto. Ubapa wake utatua kwenye nusu yako yenye nguvu, uteleze na kukwama kwenye kikingio, huku ncha yako ikiwa haijatoka usoni pake. Ukijikuta ncha yako inatazama ukuta baada ya kukinga, umerudia kosa lile lile.

Kuhusu "rudi kwenye mkao wako", tafadhali usiuchukulie kama mahali pa kusimama na kusubiri. Mkao ni pale pigo linapoanzia au linapoishia. Ukichoma kwa kupanda kutoka Plau, unafika Maksai. Ukikata kutoka juu hadi mwisho, unaishia kwa Mjinga.

Fanyeni zoezi hili kwa panga butu, barakoa na glavu nzito, polepole kabisa, mara 20 kila mmoja. Vidole ndivyo vinavyoumia kwanza, hasa mpini unapochelewa kupanda. Wiki ya pili mwambie mwenzako aongeze kasi kidogo, bila kukutajia ni pigo la ngapi.